Pingamizi Dhidi ya Mkwe Aliyerudi na Ujapani

Al Mansoura, Doha

Mheshimiwa Mwenyekiti Damaris,
Chama cha Ustawi cha Wana-Bungoma.

Pokea salamu zangu za heshima, ingawa heshima yenyewe siku hizi imeharibiwa na mtu mmoja. Naomba chama kisimamishe utambulisho wa Ijumaa, ambapo Arnold, dereva ninayeishi naye chumba kimoja, atapelekwa mbele ya Mama yetu anayekuja kututembelea, ili akubaliwe kumwoa dadangu Velma.

Arnold alikuwa kijana wa kawaida mpaka tajiri wake alipomchukua kwenda naye matembezi Japani. Tangu arudi, anatufundisha adabu za mtalii wa Japani, sisi tulio Katar. Malalamiko yangu ni haya:

1. Viatu. Avue vyake mlangoni, sawa. Lakini hupanga na vyetu, ncha zikitazama nje, kana kwamba tunafukuzwa.

2. Wali. Nilichomeka kijiko wima katikati ya wali wangu nikaenda kutafuta chumvi. Kurudi, kakichomoa! Eti Wajapani huchomeka vijiti vya kulia namna hiyo kwenye wali wa marehemu. Mimi ni mzima, Mwenyekiti, nilitaka chumvi tu. Kisha yeye mwenyewe akafyonza tambi kwa kishindo cha mfereji, akidai ndiyo kumsifu mpishi. Mpishi nilikuwa mimi, na sikujiona nimesifiwa.

3. Simu. Tulikuwa kwenye metro, Mama akanipigia. Arnold akaweka kidole mdomoni mbele ya abiria wote, eti kwenye treni watu hawaongei na simu. Nikanong'ona. Mama akadhani nimekamatwa, akaitisha maombi ya kanisa zima.

4. Hili ndilo kubwa. Hapeani tena mkono, anainama. Alimwinamia Nick, askari wa lango letu. Nick akaona haya, akamrudishia, wakaendelea hivyo kama mijusi kafiri juani, nami nimebeba maji nangoja lango lifunguliwe. Sasa Mama anyooshe mkono, mkwe amwonyeshe utosi? Heshima kwetu ni mkono: unaushika, unautikisa mpaka bega lisikie. Mila hizo nazijua, mimi kifungua mimba. Mwacha mila ni mtumwa, na dadangu hataolewa na mtumwa. Velma analia, ananiita adui yake. Na alie. Machozi yatakauka, aibu ya ukoo haikauki.

Kwa hayo, naomba Arnold atafutiwe mchumba hukohuko Tokyo.

Nisalimie wajumbe wote, mzee Owen na goti lake linalomsumbua, na hata Arnold mwenyewe. Kwa mkono.

Mimi niliyekosewa adabu,
Wesley

Tanbihi: Barua ilikuwa bado mfukoni Mama alipofika. Arnold alisimama mbali, akainama, macho chini. Nikamsukuma mbele, nikamwambia ampe Mama mkono kama binadamu. Mama akaruka nyuma. "Wesley, umerukwa na akili? Tangu lini mkwe akashika mkono wa mama mkwe? Doha imekusahaulisha kwenu?" Akasema huyo ndiye kijana aliyelelewa vizuri, na harusi iharakishwe. Habari za Japani hajaambiwa. Nawe tafadhali usimwambie.

Mama ameniamuru nimwombe mkwe radhi Ijumaa mbele ya chama chote. Arnold amekubali kunifundisha kuinama.