Uzinduzi wa Daraja la Umoja, Kijito cha Owenshee

Mheshimiwa Makamu wa Rais wa Chama cha Jamhuri Nzima, uliyetoka Dublin alfajiri na kupotea njia mara mbili. Baba Padri Gilhooly. Waheshimiwa wajumbe wa Halmashauri Kuu, nyote wanne. Mama Attracta Keaveney, mlezi wa tawi na mpishi wa mikate ya magadi tutakayoila baadaye. Wazee wetu mliobeba silaha, nanyi mliowabeba wazee hao kuwatoa baa. Wananchi wa ng'ambo hii na ng'ambo ile, ambazo chama hakitambui kuwa ni mbili. Mabibi na mabwana. (Makofi. Mvua.)

Mimi, Phelim McGourty, mwenyekiti wa tawi la Kiltyshee kwa miaka ishirini na sita mfululizo, niliyechaguliwa kwa asilimia mia moja ya kura kwa kuwa siku ile mpinzani wangu alikuwa anakata nyasi za ng'ombe, ninayo heshima isiyo kifani kuzindua mradi huu wa kimkakati.

Chama chetu kilizaliwa mwaka 1922, babu zetu walipoukataa mkataba ulioikata Ireland vipande viwili, kusini ikajitawala na kaskazini ikabaki ya Uingereza. Tangu siku hiyo itikadi yetu ni moja: kisiwa kimoja, jamhuri moja, na mtu wetu akichaguliwa haketi katika baraza lolote la nchi iliyokatwa. Ili kuulinda umoja huo, tumegawanyika mara tano. (Kicheko.) Msicheke, kwani tathmini ya kitaalamu inaonyesha kwamba kila mgawanyiko umeongeza msimamo kwa asilimia arobaini na kupunguza wanachama kwa asilimia tisini.

Mimi mwenyewe mlinichagua diwani mwaka 1979, nikatekeleza sera kwa kuketi miaka mitano kwenye ngazi, nje ya mlango wa ukumbi. Humo ndani suala la kijito hiki, ambacho wengine hukiita mpaka, lilijadiliwa mara tatu, maana daraja la zamani lilikuwa limelipuliwa na wanajeshi wa Uingereza mwaka 1973 ili kuifunga njia, na mara zote tatu mtu pekee wa kuwatetea alikuwa nje anakula sandwichi. (Mama Attracta: "Nilimtengenezea mimi." Kicheko.)

Ndipo tukafika mkutano mkuu wa mwaka 1984. Mdogo wangu Ultan, aliyekuwa katibu wangu na aliyeandika kila hotuba yangu iliyowahi kueleweka, alisimama akaniambia mbele ya ukumbi mzima, "Kaka, watu wametutuma tukawasemee, na sisi hata mlangoni hatupiti." Nikamwita msaliti kwenye kipaza sauti. Kisha nikawaongoza wanajamhuri wa kweli kutoka ukumbini kwa hatua za kijeshi, kupitia mlango ambao ulikuwa wa stoo, na kwa kuwa heshima ya chama haikuruhusu kurudi, tulikaa humo dakika kumi na tano katikati ya viti na mafagio. (Kicheko kirefu. Makamu wa Rais anatazama viatu vyake.)

Ultan akahamia shamba la mama yetu, hapo ng'ambo, upande wa kaskazini. Miaka kumi na miwili hatukusemezana.

Februari mwaka jana mama alifariki. Kutoka dirisha la jiko lake unaliona kanisa alikobatizwa, hapa upande wetu. Ni hatua mia tatu, kama una mabawa. Jeneza lilizungushwa maili kumi na tisa, likasubiri kwenye kizuizi cha wanajeshi, likafunguliwa, likafungwa. Kaburini nilisimama upande mmoja, Ultan upande mwingine, na kwa kukosa ujasiri wa kumpa mkono, niliahidi daraja.

Utekelezaji ulianza mara moja. Tumefanya vikao sitini na kimoja na kutoa ripoti kumi na nne. Changamoto ilikuwa kibali, kwa sababu kuiomba halmashauri ya kusini ni kuitambua, na kuiomba ya kaskazini ni balaa zaidi. Mhandisi alipouliza daraja litoke wapi liende wapi, kamati ilijifungia wiki saba, ikaazimia kwamba kwa mujibu wa katiba ya chama pande mbili hazipo. Mhandisi akasema daraja lisilo na pande mbili ni kibaraza, akajiuzulu.

(Sauti kutoka ng'ambo: "Phelim, limekamilika asilimia ngapi?")

Kwa upande wa nyaraka, asilimia mia. Bamba la shaba lipo, lenye jina langu kwa herufi kubwa.

(Sauti ileile: "Na mawe?")

Kwa wasiomfahamu, huyo ni Ultan. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu mwaka 1984, nami naagiza yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. (Makofi, kwanza upande ule.)

Kwa kumalizia, naomba mnijibu kwa sauti. Jamhuri. (Nzima.) Mpaka. (Hatuuoni.) Msimamo. (Haujengi.) Nani amesema hivyo? Basi, tuendelee.

Nakushukuru Padri kwa maji ya baraka, ingawa mvua imekutangulia. Nakushukuru Makamu wa Rais, na nakusihi ukishakata utepe usipige hatua mbele, kwa sababu nyuma ya utepe ni maji matupu. Hakuna jiwe hata moja lililowekwa hapo tangu 1973. Mara hii hakuna mwanajeshi wala serikali iliyozuia. Kura iliyokataa kuomba kibali ilikuwa yangu.

Fomu ya maombi ninayo mfukoni. Inahitaji saini ya mkazi wa kila upande, na asubuhi hii nimesaini upande wetu, jambo ambalo kikatiba linanifukuza chamani na kuligawa tawi kwa mara ya sita. Ultan, nawe utasaini?

(Sauti kutoka ng'ambo: "Usiilowanishe. Nakuja kuichukua.")

(Ultan McGourty anavua viatu, anaingia majini.)

Asanteni kwa kunisikiliza.