Mswidi Hahusiki

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaumia kidole gumba. Si ajali. Ni kazi. Kakanda migongo ya watu miaka nenda miaka rudi, mpaka kidole kimegoma. Daktari kamfunga bandeji na kumpiga marufuku kugusa mgongo wa mtu hadi uvimbe uishe.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Ijumaa muuguzi mkuu wa hospitali anakuja kukandwa, yeye binafsi, kwenye kitanda chetu. Halafu atapanda ghorofa ya juu akakandwe na mshindani wetu. Atakayemridhisha atapewa kazi ya kuwakanda wauguzi wote wa hospitali kwa mwaka mzima. Tukiipata, chumba cha masaji cha mke wangu kinapona. Tukiikosa, kinafungwa.

Mshindani nimempa jina la Bwana Manukato. Ukipita mlangoni kwake unanuka mchaichai hadi jioni. Kaweka na redio yenye mlio wa maji yanayotiririka. Wateja wake wote hutoka wakikimbilia chooni.

Nikasema nitakanda mimi. Nikamkumbusha mke wangu kwamba alipokuwa anasomea kazi hii, mgongo wa mazoezi ulikuwa wangu, na zamu ikigeuka nilimkanda yeye. Tena alisema mikono yangu ina moto. Nikamkumbusha pia kwamba tangu mhariri aninyang'anye safu yangu gazetini sina shughuli. (Mjinga yule! Eti nawajibu wasomaji kwa barua ndefu kuliko makala.) Akasema hilo hahitaji kukumbushwa.

Kakubali, kwa masharti. Pasha mafuta viganjani kwanza. Muulize mteja anaumwa wapi, na kama nguvu unayotumia inamtosha. Mfunike shuka, ufunue pale unapokanda tu. Mkono mmoja usitoke mwilini kamwe, maana mteja hakuoni, na mikono yote miwili ikiondoka ghafla mwili unashtuka. Na funga domo. Hilo la mwisho kalirudia jikoni, kalirudia kwenye ngazi, kalirudia taa ilipozimwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua jambo kubwa!

Mteja wa kwanza, fundi cherehani wa humu jengoni. Shingo imekakamaa kama mpini wa jembe. Nikamlaza kifudifudi, uso ndani ya lile tundu la kitanda. Nikaanza na mikono ya kuteleza, polepole, kiunoni kwenda mabegani. Ndipo nikaona. Binadamu huyu hana shati. Kapakwa mafuta. Anatazama sakafu. Hana pa kwenda! Miaka yote ya gazeti nilikuwa namtafuta msomaji wa namna hii. Msomaji wa gazeti hufungua ukurasa wa michezo. Huyu atafungua nini?

Nikamweleza habari ya jina. Mlangoni petu pameandikwa masaji ya Kiswidi. Uongo! Nimesoma, nina vitabu. Huko Uswidi kwenyewe hawaiiti hivyo. Aliyeipangilia mbinu zake tano, kuteleza, kukanda, kusugua, kupigapiga na kutikisa, ni Mholanzi. Na majina yake ni ya Kifaransa! Mswidi kapewa sifa kwa uvivu wa waandishi. Kosa limezeeka, limeota ndevu, na sisi tumelibandika mlangoni.

Fundi akasema mmh. Nilipofika kwa yule Mholanzi akasema hapo hapo, usitoke hapo. Sikutoka. Nilikaa na Mholanzi mpaka mafuta yakakauka.

Anaondoka, mke wangu akamuuliza hali. Fundi akasema shingo inageuka vizuri mno, ila sasa kichwa kinamuuma. Mke wangu kaniangalia. Nami nikaangalia dirisha.

Jumatano, 5 Machi

Vita vya ngazini. Bwana Manukato kabandika kibao kipya: MASAJI YA KISWIDI, TUNAONDOA SUMU MWILINI.

Nikamkabili papo hapo. Sumu gani? Ataje moja! Na kama sumu inatolewa kwa viganja vyake, ini lina kazi gani? Figo ziko likizo? Masaji inalegeza misuli. Inapunguza wasiwasi. Inamsaidia mtu kulala. Mgongo unaouma unapata nafuu, walau kwa siku kadhaa. Hayo hayatoshi? Kitu kizuri kina ubaya gani hata kikahitaji kuvalishwa uongo?

Akatabasamu. Akasema kaka, mabega yako yamepanda hadi masikioni, pita siku moja nikukande bure. Bure! Sijapata kutukanwa hivyo tangu nizaliwe.

Nikaapa kwamba sisi tutakuwa nyumba ya ukweli. Nikachukua rangi na brashi, nikasahihisha kibao chetu. Sasa kinasema: MASAJI YA KAWAIDA (inayoitwa kimakosa ya Kiswidi, ingia upate maelezo).

Mchana akaja mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi, mwenye magoti mabovu. Akasimama mlangoni. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akamuuliza mke wangu kama siku hizi tunatoa ile feki. Kisha akapanda juu, na magoti yake, ngazi zote zile.

Mke wangu kachukua kitambaa na mafuta ya taa, kafuta kibao kwa mkono wake mzima. Nikamwambia anafuta historia. Akaniambia nitafutwa mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya mwisho. Mke wangu kamwita kaka yake, dereva wa lori, mwenye kiuno kibovu. Shemeji huyu simwelewi. Kila mtu akilala kwenye kile kitanda hunyamaza. Yeye hujibu!

Nilikuwa nakanda vizuri, naapa. Natumia uzito wa mwili, si nguvu za vidole, kama nilivyofundishwa. Nikagusia habari ya jina, kidogo tu. Sauti ikatoka kwenye tundu: shem, Mswidi na Mholanzi wakigombana mimi inanihusu nini? Kanda kiuno! Nikamjibu kwamba ujinga ndio huanza hivyo, kwa kutohusika. Akainuka kwa viwiko, shuka linaporomoka, akasema yeye anabeba saruji na hata siku moja hajaiuliza saruji kabila lake.

Ningemwacha? Nikainua mkono kumhesabia hoja. Hoja zikawa nyingi, nikainua na wa pili. Mafuta yakaruka ukutani, yakatua kwenye cheti cha mke wangu. Shemeji akashtuka, kiuno kikalia ko! Akapiga ukelele uliomtoa Bwana Manukato mlangoni kwake.

Nikageuka. Mke wangu kasimama hapo. Nikangoja makelele. Hayakuja. Kavuta kigoda, kakaa. Akasema alianza kazi hii kwenye mkeka, sebuleni kwa mama yake, na watu wakimcheka. Kitanda hiki kakichagua mwenyewe. Rangi ya ukuta kapaka mwenyewe. Chumba hiki kikienda hana nguvu ya kuanza kingine. Akasema haniombi kama bosi. Ananiomba kama mke wangu. Kesho nisibishane na yule mama muuguzi.

Shemeji, bado kainama kama mkasi, akasema na Mungu anakusikia, shem.

Nikaapa. Nilimaanisha. Sitabishana.

Lakini kubishana kunahitaji watu wawili. Kuelimisha kunahitaji mmoja tu. Sikuapa kutoelimisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nina hasira, naandika hivyo hivyo.

Muuguzi mkuu alikuja asubuhi, moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Mama mnene, mpole, macho mekundu. Mabega kama mbao. Akasema hakumbuki mara ya mwisho kulala usingizi wa maana. Nikapasha mafuta. Nikauliza panapouma. Nikafunika shuka. Nikanyamaza! Mgongo mzima nilinyamaza. Nilijiuma ulimi. Mabega yakaanza kulegea, mbao ikawa unga wa ngano uliokandwa. Nilikuwa hodari, lazima niseme.

Ndipo akasema, kutoka kwenye tundu, kwa sauti ya kuridhika: hawa Waswidi jamani, walijua kututunza.

Hawa Waswidi!

Yeye ndiye aliyeanza. Ninaandika hili ili ijulikane. Nikajibu kwa upole, sauti ya chini, mkono haukutoka mwilini hata kidogo. Hoja ya kwanza nikaiweka kwenye mgongo wa chini, kwa kuteleza. Hoja ya pili kwenye misuli ya miguu, kwa kukanda. Akasema mmh. Nikarudi mabegani kwa hoja ya tatu, yenye ushahidi, yenye Kifaransa, ile ambayo hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kuipita. Nikamaliza. Nikamuuliza anaonaje.

Kimya. Nikauliza tena. Akakoroma.

Najua. Mke wangu kaniambia mara mia: mteja akilala, hiyo ndiyo medali ya mkandaji. Ndicho alichokuja kuwatafutia wauguzi wake. Mama wa watu hajalala wiki nzima, kalala mikononi mwangu. Nilitakiwa kumfunika, kupunguza taa na kutoka kwa ncha za vidole.

Lakini kalala kwenye hoja ya tatu! Ya kwanza ningesamehe. Hata ya pili. Mtu analalaje kwenye ushahidi?

Nikamtikisa bega. Akakoroma zaidi, kwa kunidharau. Nikainua mikono, yote miwili, nikapiga makofi.

Aliruka! Kumbe usingizini alikuwa bado yuko wodini. Kajifunga shuka, katoka mbio ukumbini, anapaza sauti: oksijeni, oksijeni, kitanda cha ngapi? Wapangaji wakatoka. Fundi cherehani katoka na tepu shingoni. Bwana Manukato kashuka, kamshika mkono mama wa watu, kamwambia taratibu dada yangu, hakuna anayekufa hapa, kampandisha kwake.

Nikawafuata hadi katikati ya ngazi. Nilimpa muhtasari tu wa hoja ya tatu. Mlango ukafungwa. Maji yakaanza kutiririka.

Jumamosi, 8 Machi

Muuguzi mkuu kapiga simu. Kamwambia mke wangu mikono ya mumewe ni ya ajabu, hajalala vile tangu apandishwe cheo, na kwa sababu hiyo hiyo hatanisamehe kwa kumwamsha. Kazi kapewa Bwana Manukato.

Mke wangu hakulia. Kakunja mashuka. Kila shuka kalikunja, kalikunjua, kalikunja tena. Nikaona afadhali angelia.

Jioni Bwana Manukato kabisha hodi. Wauguzi ni wengi, peke yake hawezi, gumba la mke wangu likipona, anamhitaji awe mwenzake. Nikafungua kinywa. Mke wangu kakubali kabla sijatoa sauti. Nikamuuliza kama amesahau kile kibao cha sumu. Akasema hajasahau, na akamgeukia yule bwana: atakuja, ila lile neno la sumu litoke. Bwana Manukato akasema dada, umesema kweli, hata mimi lilikuwa linanisuta. Akapanda, akaking'oa kibao chote. Akashukuru!

Maneno yangu! Ini langu! Figo zangu! Nilipoyasema mimi alitabasamu. Kayasema mke wangu mara moja, kwa sauti ya kuagiza chai, na kibao kimeshuka.

Nimemuuliza mke wangu huko juu atapata nini ambacho chumba chake hakikuwa nacho. Akajibu: kimya.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba kimerudishwa kwa mwenye nyumba. Kitanda kiko sebuleni kwetu, kimesimamishwa wima kama mtu aliyepewa adhabu. Nimekaa nikatafakari kwa kina, bila kujionea huruma, kosa langu lilikuwa wapi.

Nimelipata. Nililaza watu kifudifudi! Mtu kifudifudi, gizani, kwenye joto, atalala tu hata ungekuwa unamsomea hati ya kifo chake.

Na leo, nikitoka kumsindikiza mke wangu kupeleka mashuka yake juu, nimeona tangazo ghorofa ya chini. Daktari wa meno anatafuta msaidizi wa kushika taa na mrija wa kunyonya mate. Nikachungulia. Mgonjwa kalala chali. Taa usoni, macho yamemtoka. Mdomo wazi, vyuma viwili ndani, ganzi hadi sikioni. Hawezi kulala. Hawezi kujibu!

Nimemwandikia daktari barua ya maombi, kurasa tisa. Nimeanza na makosa niliyoyaona kwenye tangazo lake.