Jiwe Jeupe la Kivuko cha Gashonga

Jumanne, 8 Julai 2014
Naandika shajara hii ili watakaosimulia maisha yangu wasihangaike kutafuta ushahidi. Tumepiga hema kando ya kijito, chini ya Gashonga. Tuko watatu: mimi, Mirindi, mwenye lisansi, yaani shahada, ya jiolojia; Cubaka, mbeba mizigo, aliyeacha shule darasa la sita; na Maman Nzigire wa Bukavu, mpishi wetu, mwenye mimba ya miezi sita. Jumamosi Bwana Mkurugenzi atakuja kutazama mawe tutakayookota. Mimi au Cubaka, mmoja wetu, ataajiriwa kuwa mtunzaji wa maonyesho ya mawe Kamembe. Nimevaa tai.

Jumatano, 9 Julai
Nimeteleza majini mara tatu. Tai imelowa. Cubaka ameokota fuwele mbili safi. Kila jiwe hulilamba, eti rangi itokee na ajue ni la aina gani. Nilimfahamisha kwa upole kwamba mtu aliyesoma halambi. Akajibu kuwa ndiyo sababu mfuko wangu uko mutupu.

Alhamisi, 10 Julai
Siku ya kihistoria. Kivukoni, wanapopita akina mama wa sokoni, nimeokota majanini jiwe jeupe, laini, lenye umbo la kidole, kamilifu kana kwamba limefinyangwa kwa mkono. Vitabu vyangu havilitaji. Nimeliita mirinditi. Cubaka aliomba kulilamba. Nilikataa kwa maandishi. Hema linavuja, hivyo nimelihifadhi jikoni, juu ya sahani safi.

Ijumaa, 11 Julai
Sahani tupu.
Maman Nzigire alinishukuru mbele ya watu. "Papa Lisansie, uko muntu muzuri. Hata baba ya mutoto hajaniletea pemba tangu mimba ianze." Nikauliza pemba ni nini. Akaniambia ni udongo wanaokula bamaman wenye mimba, soko ya Kamembe imejaa. Akaongeza kuwa ule wa Bukavu una chumvi nzuri kuliko wangu.
Cubaka alicheka mpaka akaketi majini. Alisema ningeulamba ningejua.

Jumamosi, 12 Julai
Bwana Mkurugenzi alizitazama fuwele za Cubaka kwa muda usio wa lazima. Kisha akauliza mawe yangu yako wapi. Kwa kuwa sisemi uongo, nilielekeza kidole kwenye tumbo la Maman Nzigire. Alimtazama Maman Nzigire, kisha mimi, kisha tai yangu, na maelezo yangu hayakusaidia. Kazi amepewa Cubaka.
Hata hivyo, gari la Bwana Mkurugenzi lilipowashwa nilikanyaga jiwe la kijani linalopitisha mwanga, lililosuguliwa na maji. Maumbile yenyewe yameandika juu yake: 72 cl. Cl ni klorini. 72 bila shaka ni umri wake kwa mamilioni ya miaka. Safari hii nimelilamba. Halina ladha yoyote, jambo linalothibitisha usafi wake.
Cubaka alisema baa ya shangazi yake hutupa mawe kama hayo kila asubuhi, yakiwa na shingo. Wivu wa cheo umeanza mapema.
Nililikimbilia gari. Bwana Mkurugenzi alishusha kioo nusu, akaniambia kuwa mambo yote ya mawe sasa yapitie kwa mtunzaji. Mtunzaji, baada ya kuombwa rasmi, amekubali kunipokea ofisini kwake Jumatatu, tarehe 14 Julai, saa tatu kamili asubuhi.