Ombi la Kuvuliwa Ukemia Ili Nipike Chai kwa Utulivu

Ndugu Mkurugenzi wa Maabara ya Maji,

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa mzima wa afya na nimeshika trei. Naomba jina langu lifutwe kwenye orodha ya wanaowania ukuu wa kitengo cha vipimo, nami niajiriwe rasmi kama mpika chai. Sababu ni hizi:

1. Kwa miaka kumi na moja, kila kikao kimeanza kwa wakemia sita kunitazama mimi, ambaye ni wa saba, kisha kuitazama birika.

2. Kumbukumbu za vikao naandika mimi, kwa kuwa mnasema nina mwandiko mzuri. Ajabu, mwandiko huohuo ukiwa kwenye daftari la vipimo, hakuna anayejua ni wa nani. Mwenzetu tunayemwita Profesa huwasomea wageni daftari hilo na kusema "utafiti wangu".

3. Nilipojifungua, mliniuliza kama kazi nitaiweza tena. Profesa amepata watoto wanne akiwa hapahapa, na kila mara mlimkatia keki. Nakiri, uzazi unawachosha sana wanaume.

4. Mama mkwe huwaambia majirani kwamba naosha chupa. Ndiye pekee anayeieleza kazi yangu bila kutia chumvi.

5. Juzi Profesa alisimama mbele ya halmashauri na vipimo vyangu vya kisima cha hospitali. Akasoma safu ya kwanza, akatangaza maji ni salama. Safu ya kwanza ni chupa ya kulinganishia, yaani maji tuliyoyachuja na kuyachemsha wenyewe ili tujue mashine haidanganyi. Kisima kilikuwa safu ya pili. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akasema, "Dada, yangu isiwe na sukari." Nikampelekea isiyo na sukari.

Kwa hiyo ukuu apewe Profesa. Mtu anayeona maji safi mahali yasipokuwepo ana kipaji, na kipaji hakifundishwi.

Nisalimie wajumbe wote wa usaili, na wake zao wanaowatafutia miwani kila asubuhi.

Wako mtiifu,
Mkemia, kwa sasa

Tanbihi: Kisima kile nilikifunga jana asubuhi. Barua ya kukifunga ilihitaji sahihi ya mkuu wa kitengo, na kwa kuwa hayupo, nikasaini mimi. Hospitali haikuuliza aliyesaini ni mke au mume. Iliuliza maji mengine yanafika saa ngapi. Yalifika saa nne. Tafadhali ichane barua hii, na jina langu liache palepale lilipo.