Mbio za Kwenda Kwenye Mlima wa Moto

Alhamisi, 6 Agosti
Magari mawili, familia moja. Tunakwenda kuona mlima wa moto. Mbele yuko mwanyumba wangu, aliyemuoa dada wa mke wangu. Gari jipya, majigambo ya zamani. Langu linakohoa, lakini mama mkwe yuko kwangu! Nilimwambia viti vya mwenzangu vinavunja mgongo. Nilitunga.

Mchana tukaingia jangwani. Mchanga mpaka mwisho wa macho, na mbingu kubwa kupita kiasi. Nikapunguza mwendo ili nitazame. Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Agosti
Mpango: kufika kabla ya mwanyumba. Nikaacha barabara, nikakata uwandani. Mke wangu akasema hii si njia. Nikasema naijua. Wapi!

Uwanda wenyewe ni moto wa zamani ulioganda, mweusi, umejikunja kama uji uliomwagika. Unatisha kwa uzuri. Na unakata kama wembe. Pancha! Tairi la akiba nililiacha nyumbani ili kiti cha uvivu cha mama kipate nafasi. Akakikalia katikati ya mawe kama malkia. Jua kali, maji yakipungua, midomo yake ikikauka. Hapo niliogopa kweli.

Mwanyumba akatufuata kwa alama za matairi. Akanipa tairi lake la akiba. Hakunicheka hata kidogo. Roho iliniuma! Mama akahamia kwake.

Jumamosi, 8 Agosti
Tulipanda kwa miguu, mama tukimshika huku na huku. Ukingoni tukachungulia. Ee Mungu wangu! Chini kabisa ardhi inachemka, nyekundu, inapumua kama kiumbe. Mwanyumba alikuwa analia waziwazi.

“Wanangu,” mama akasema taratibu, “kumbe miaka yote hii naishi juu ya chungu kilicho jikoni.”

Kwa muda sikuwa na hila hata moja.

Jumapili, 9 Agosti
Kurudi. Mwanyumba aliniomba nimfuate nyuma. Nikaitikia kwa adabu. Kisha nikaona ziwa lililokauka, chumvi tupu, tambarare, jeupe kama shuka. Ningempita kirahisi!

Chumvi ni ganda tu. Chini yake tope, na magurudumu yamekwama.

Naandika juu ya paa la gari. Jua linazama, ziwa zima limekuwa la waridi. Mke wangu amenipa mgongo. Kule mbali mwanyumba anakuja na kamba. Nitamwambia tumesimama kutazama mandhari.