Aitwe Kwanza Paka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,
na wewe huyo huyo Baba Mdogo, shikamoo.

Nimepata taarifa kwamba Jumamosi nitaitwa uani, mbele ya kamati, nieleze kwa nini "ninajitenga na watu". Nitafika. Ulinifundisha mwenyewe: kataa neno, usikatae wito. Naomba tu, kwa unyenyekevu, kabla yangu aitwe yule paka wa jengo letu mnayemwita Balozi. Sababu zangu ni hizi:

1. Balozi hasalimii mtu. Hupita katikati ya akina mama wanaoanika nguo, mkia juu, kama aliyetumwa kukagua jengo. Mimi siku moja nilipita nikiwaza mtihani, nikasahau kuamkia. Kabla sijafika ngazini nilishaitwa Malkia. Paka yeye akasifiwa. Fundi cherehani wa chini, bingwa wetu wa mbegu za paka tangu apewe kalenda yenye picha zao, alieleza kwamba hili ni dume la Kiajemi, na paka wa Kiajemi hana papara ya mazoea.

2. Balozi hukaa dirishani kutwa. Mnasema anatafakari. Nikikaa mimi na kitabu changu, shangazi husema kuna mtu namngoja. Akigundua hakuna, ndipo anapohuzunika kweli.

3. Balozi aliiba samaki wa muuza duka, akanenepa mpaka tumbo likawa linafagia sakafu. Fundi akatangaza kuwa hicho ni kitambi cha ukoo. Mimi niliponenepa kidogo tu, mke wa mlinzi aliniuliza mbele za watu kama kuna habari njema.

4. Balozi alimparura mjumbe wa kamati yako aliyetaka kumpapasa. Akalaumiwa mjumbe: paka wa mbegu hii hashikwi ovyo! Mjumbe huyo huyo nilimwomba, kwa maneno laini, aondoe mkono wake begani kwangu. Wiki hiyo hiyo nikaambiwa kuna kikao.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, kosa langu si tabia. Kosa langu ni kukosa mbegu.

Nami nimemtazama sana huyo Balozi, maana dirisha langu linatazamana na lake. Sikio limechanika, manyoya yana rangi ya jivu la jiko, na asili yake ni nyuma ya bucha. Hakuna mbegu hapo. Kuna paka aliyeachwa awe paka.

Naomba basi moja kati ya haya. Ama Balozi aketishwe kwenye kigoda kile kile nitakachoketishwa mimi, aulizwe ataoa lini na kwa nini hacheki. Ama fundi anikague, atamke mbele ya kamati kwamba nami ni wa Kiajemi, niachiwe dirisha langu na niletewe samaki. Manyoya sina, lakini yeye ni fundi, atashona.

Msalimie mama mdogo, shangazi, na akina mama wote wa kwenye kamba za nguo. Nisalimie na mjumbe. Natumaini mkono wake umepata funzo.

Ni mimi mwanao, mtiifu kwa mbali,
chumba cha juu kabisa.

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Balozi akaingia kwa dirisha, akapanda kitandani, akazaa. Naam, dume la Kiajemi limezaa, tena juu ya gauni nililolipiga pasi kwa ajili ya kikao chenu. Sitaweza kuteremka Jumamosi. Pandeni ninyi, wote, ila wawili wawili, na viatu mviache mlangoni. Shangazi aje na maziwa. Fundi aje na vipande vya kitambaa, kalenda aiache. Mjumbe abaki ngazini. Na tafadhali msimshike wala msimsemeshe sana, wala asishangae mtu asiposalimiwa. Ninyi hammjui kama ninavyomjua mimi: paka wa mbegu hii ndivyo walivyo.