Fomu Arobaini za Furaha

Jumatatu, tarehe 10 Novemba
Nimeingia labo, maabara ya utafiti! Chumba kimoja cha fakilte, kitivo cha saikolojia, meza mbili, feni isiyozunguka. Hakuna mshahara, ni kujitolea tu. Haidhuru. Shefu wa labo, Papa Adalbert, ametueleza utafiti: furaha ya watu wa Kalemie. Tuko wanafunzi wawili, mimi na Huguette. Kila mmoja fomu arobaini, mwisho Ijumaa. Atakayefanya vizuri ndiye atapanda boti na timu kwenda kuendelea na utafiti mji wa Moba. Mama ameshawaambia majirani kwamba ni mimi. Hata begi ameshanifulia.

Jumanne, tarehe 11
Nyumba kwa nyumba, mtaani kwetu Kataki. Jua kali. Mbwa wawili. Fomu tatu tu! Mama mmoja alisema hajibu kitu mpaka nimsaidie kumenya mihogo. Nimemenya beseni zima. Huguette anazo kumi na mbili. Anasema watu ni wema ukiwasalimia vizuri. Simpendi kabisa.

Jumatano, tarehe 12
Wazo! Kwa nini nifuate watu mmoja mmoja wakati wako waliokwisha kukusanyika? Papa Gérard, mzee wa reli, jirani yetu, alifariki Jumapili. Kwake kuna turubai, viti, watu kutwa nzima wamekaa tu. Nilikwenda na fomu zangu. Nilitoa pole kwanza, mimi si mtu asiye na adabu.

Kwa muda wa saa mbili tu, fomu thelathini na saba! Walijibu maswali na kutia sahihi bila ubishi. Baadaye ndipo nikaelewa: walidhani ni orodha ya waliofika kilioni, na hakuna anayetaka jina lake likosekane. Mjane, Mama Alphonsine, alisoma swali la saba, linalouliza kama umelia wiki hii. Akanirudishia fomu. "Mutoto, weye unaona je?" Nikaandika ndiyo.

Alhamisi, tarehe 13
Nimepumzika. Huguette bado anazunguka, vumbi hadi magotini. Nimemshauri asijichoshe. Akaenda kubisha nyumba inayofuata. Jioni nimemuuliza Mama kama boti ya Moba inatapisha.

Ijumaa, tarehe 14
Papa Adalbert alisoma fomu zangu zote. Kisha akauliza Kataki kumeingia balaa gani. Watu hawalali, hawali, wanalia kila siku! Alikwisha shika simu, anataka kumpigia daktari na kuomba gari la fakilte, twende leo hii tukawasaidie. Nilifurahi kidogo, sikuwahi kuona utafiti wangu ukishtua mtu.

Huguette, bila kuulizwa, akasema fomu hizo zimetoka kwa marehemu Papa Gérard, kuna kilio. Alipita mwenyewe, akatoa pole, fomu hakuzitoa.

Nilijitetea kwamba huzuni nayo ni matokeo. Papa Adalbert alivua miwani. "Njo furaha tulikuwa tunatafuta, si kilio, Jovial!" Huguette anakwenda Moba. Imeniuma, sitaki kuficha. Nilikaa nje ya labo hadi watu wote wakaondoka, sikujua nitamwambia nini Mama.

Jumamosi, tarehe 15
Papa Adalbert si mtu mbaya. Amesema boti inaondoka tarehe 25 na bado ina nafasi moja. Nikawaombe radhi wafiwa, nizichane fomu zile mbele yao, kisha nilete arobaini mpya tarehe 24. Nimekwenda. Mama Alphonsine amenisamehe, akanipa chai. Nilitaka kulia mimi sasa.

Jumapili, tarehe 16
Nimefikiri ibada nzima. Kosa langu nimeliona waziwazi: nilikosea mahali. Na Jumamosi ijayo Elysée, binamu wa rafiki yangu Dédé, anaoa! Wageni mia mbili, wamekaa pamoja, wamekula, wanacheza. Fomu arobaini kabla ya keki, na furaha tupu! Sijaalikwa, lakini nani atanifukuza nikiwa na kalamu na orodha? Bibi harusi tu nitamruka, kwa sababu kwetu siku hiyo heshima inamtaka anune. Mtafiti lazima awe mwangalifu.